Mkeka Chini ya Bomba

Naikumbuka siku moja ya kiangazi, Kanana mjukuu wangu, nikiwa kijana wa rika lako na fundi wa mabomba hapa hapa Isiolo. Tulikuwa tunamalizia wodi ya akina mama. Bomba kubwa la maji lilipita juu ya vitanda, nami ndiye niliyelining'iniza kwa vyuma vya thredi, vile virefu vyembamba vinavyokazwa kwa nati. Mwezi ukionekana, Idd ingekuwa kesho yake, na msimamizi wetu, Mzee Guyo, alikuwa anangojewa na watoto wake huko kwao Garbatulla. Nilitaka sana awahi. Alikuwa mkali, lakini alijua jina la mama wa kila mmoja wetu.

Alikuwa na desturi ambayo siku hizi siioni. Bomba likishajazwa maji, fundi aliyelining'iniza hutandika mkeka chini yake na kupumzika hapo mchana.

Alinikuta na mkeka kwapani, maji bado hayajafunguliwa.

"Mutuma, kila chuma inabeba ngapi?"

Nikamweleza kwa majivuno kwamba nimechukua uzito wa bomba, nikaugawanya sawasawa kwa vyuma vyote.

"Bomba tupu ama na maji?"

Nikakiri kwamba tupu. Mjini kwetu maji yalikuja kwa zamu, na kiangazi kile mabomba makavu ndiyo tuliyoyazoea. Nilikuwa nimeyasahau maji yenyewe.

"Na nati moja ikiachia, jirani yake itaweza mzigo ya wawili?" Akaonyesha sakafu. "Wewe unaweza lala hapo?"

Nikatazama juu, mkeka ukabaki kwapani. Niliogopa, mwanangu, sikufichi.

"Sasa mama ya watu atalala aje?" akasema, safari hii polepole.

Hakwenda Garbatulla. Tulipiga hesabu upya, bomba likiwa limejaa, pamoja na valvu zake. Unene wa chuma tukaupima ndani ya mifereji ya thredi, ambako ndiko kilipo chembamba zaidi. Tukaiangalia na simiti inayokishika huko juu. Kila chuma tukakipa mzigo mdogo kuliko kinavyoweza, tukaongeza vingine vinene. Idd ikatukuta kwenye ngazi. Maji yalipofunguliwa tulikaa mlangoni kwanza, tukaona hakuna kilicholegea, kisha tukalala chini yake wote wawili. Mzee akakoroma.

Sasa hayupo, na namkumbuka sana. Miaka mingi baadaye mama yako alizaliwa katika wodi ile. Nilipoingia, nilitazama dari kabla ya kumtazama mtoto. Nyanya yako hajanisamehe hadi leo.

Kesho unaanza kazi kule Bulla Pesa. Pima mzigo ukiwa umejaa, pima chuma pale kilipo chembamba, na uiwaze siku ambayo jirani yake ataachia. Akija wa kukuharakisha, hata kwa mapenzi kama yangu kwa mzee, mpe mkeka alale chini ya bomba kwanza. Mungu aibariki mikono yako, mwanangu, na kila atakayelala chini ya kazi yako aamke salama.