Nne na Nne Ni Mbili

Shemeji yangu, mume wa mdogo wangu, ni fundi wa spika, na mtaani wanamwita Kimya. Aliyempa jina hilo alikuwa na akili. Mchana kutwa anatengeneza kelele za wenzake, lakini wewe ukimsalimia anakujibu kwa nyusi.

Alikuja kwetu kwa wiki mbili. Upepo ulikuwa umeezua paa la chumba alichopanga, Baba akawaambia, "Njooni mkae hapa huku mkijipanga." Huu ni mwaka wa kumi na moja wanajipanga. Watoto wawili wamezaliwa humohumo kwenye kujipanga.

Karakana ni ya Baba. Ni chumba kimoja chenye mlango mmoja. Dirisha lipo, ila limezibwa na rafu ya redio mbovu ambazo wenyewe walishazisahau. Mlangoni kuna kiti cha Baba. Baada ya kiti kuna cherehani yangu, maana mimi nashona makava ya viti vya pikipiki. Mwisho kabisa, chini ya balbu, ndiyo meza ya Kimya. Akitaka kutoka hata kwenda kujisaidia, mimi sharti nivute magoti na Baba avute miguu, na Baba havuti miguu kabla hajauliza, "Unaelekea wapi, mkwe?" Nyumba tunayolala iko nyuma ya ukuta huohuo. Baba akitaka chai hamwiti mtu. Anagonga ukuta mara tatu, na anayeinuka ni Kimya.

Nisieleweke vibaya. Baba si mtu mbaya. Angekuwa mbaya mambo yangekuwa mepesi, mtu ungegombana naye, ukabeba godoro lako ukaenda zako. Lakini Baba ndiye anayewanyoa wajukuu kwa mkono wake, na Kimya alipolazwa Baba alikaa naye hospitali siku nne, analala kwenye benchi. Mtu wa namna hiyo utamshika wapi?

Basi Jumatatu moja asubuhi akaja bwana mmoja na pikipiki kubwa kama ng'ombe, ina masanduku mawili nyuma na redio yake ya kiwandani mbele, chini ya kioo. Wanamwita Msafara, kwa kuwa kazi yake ni kutangulia misafara ya harusi. Anazo tatu kama hiyo, na karakana yake iko mji mwingine. Spika zote mbili za mbele zilikuwa zimekwisha. Mvua ilikuwa imezilainisha, jua likazichana.

"Nikisimama nasikia," alisema. "Nikifika mwendo wa kweli, redio inanong'ona. Nataka spika mpya zinazoelewana na redio hii hii, sitaki kubadilisha redio."

Baba alikuwa ameenda kunawa uso. Msafara akaegemea meza ya Kimya, akashusha sauti, lakini chumba chetu hakina pa kushushia sauti. Nilisikia yote.

"Fundi, mimi natafuta mtu. Anayejua kuchagua. Wa kukaza skrubu ninao watatu, wamenitosha. Atakayechagua spika nikazisikia nikiwa barabarani, huyo namhamisha yeye na familia yake. Nyumba ipo uani, vyumba viwili, na karakana haina bosi wa kukukalia mlangoni. Pikipiki naiacha, nitarudi Jumamosi."

Kimya akamjibu kwa nyusi. Ila safari hii aliziinua mara mbili.

Siku hiyo alizifungua zile spika mbovu kama anayemvua mtoto viatu. Akapima upana, inchi sita na nusu. Akapima kina cha tundu kwa vidole, akaona sumaku ikizidi vidole vitatu itagonga chuma. Halafu akachukua ile mita yake ya kupimia, akagusisha nyaya zake kwenye spika, akasoma namba.

"Omu mbili," akasema.

"Ndiyo nini hiyo?"

"Ni ubishi wa spika, shemeji. Namba ikiwa ndogo, spika inapitisha umeme bila kubisha sana. Redio hii ilitengenezwa kwa mbili. Ukiipa nne, spika inabisha mara mbili zaidi, redio inatoa nusu ya nguvu. Haiungui. Inanong'ona tu."

Sikumbuki lini alisema maneno mengi hivyo kwa pamoja, hata siku ya kuposa.

Akaandika kwenye karatasi: inchi sita na nusu, kina vidole vitatu, za kuvumilia maji, omu 2. Karatasi akampa Baba, kwa sababu anayekwenda dukani ni Baba. Haijawahi kuwa vinginevyo.

Baba akarudi na boksi kwapani, anatabasamu kama bwana harusi.

"Mkwe, za mbili zilikuwepo. Lakini muuzaji alikuwa na za nne pia. Nikajiambia, mteja wa heshima kama yule nimpe mbili na nne ninaiona kwa macho? Nimekuletea nne!"

Nilimtazama Kimya. Kimya alilitazama boksi.

"Ahsante, Baba," akasema.

Akazifunga kwenye pikipiki, nje ya mlango. Baba akafungua redio, chumba chetu kidogo kikajaa, Baba akapiga makofi. "Umesikia hiyo? Hiyo ndiyo nne!" Lakini nikamwona Kimya anaisukuma pikipiki hadi barabarani, anaiwasha, anapandisha mlio wa injini taratibu. Muziki ukapotea kama mtu anayeongea huku mto umemfunika uso.

Kesho yake Baba alipokwenda kunyoa ndevu, nilimgeukia Kimya.

"Mwambie arudishe."

"Nimwambieje baba mkwe wangu kwamba hajui namba?"

"Kwa mdomo. Kile kitundu chini ya pua."

Akacheka kidogo, kisha akaacha. "Shemeji, miaka kumi na moja sijawahi kumrudisha neno. Nikianza leo, na nikianza mbele ya mteja ambaye ananichukua, itaonekana nilikuwa nasubiri nipate pa kwenda ndipo nimdharau."

"Basi nitamwambia mimi. Mimi binti yake."

"Atajua nimekutuma."

Nikanyamaza. Nitasema ukweli, kwa kuwa hakuna wa kunikemea hapa: sikunyamaza kwa ajili ya heshima. Kimya akiondoka, mdogo wangu anaondoka, watoto wanaondoka, na ule ukuta utakuwa unagongwa kwa ajili yangu. Nilikiona hicho chumba kikiwa na mimi na Baba peke yetu, nikachukua mkasi nikaendelea kukata ngozi.

Ijumaa Baba alishinda msibani, nikamwona Kimya ametoka uani na boksi la zamani lililofungwa kwa kamba. Nililijua. Hulala chini ya kitanda chao. Ndani yake mlikuwa na spika mbili za inchi sita na nusu, mpya, ambazo hajawahi hata kuziunganisha na waya. Amezitunza tangu mtoto wa kwanza anatambaa, kwa ajili ya siku atakayofungua kibanda chake mwenyewe. Zingekaa mlangoni, moja kila upande, zikiita wateja. Mdogo wangu alikuwa anazifuta vumbi kila mwisho wa mwezi, utadhani picha ya ukutani.

"Hizo ni mbili?" nikamuuliza.

"Ni nne."

"Sasa una nne za Baba na nne zako. Si ndiyo unazidi kuharibu?"

"Nne na nne ni mbili, shemeji."

"Wewe, mimi nimemaliza darasa la saba. Nne na nne ni nane, mwalimu alinichapa hadi nikakubali."

"Ukizipanga moja nyuma ya nyingine, mwalimu wako yuko sawa, ni nane. Lakini ukizipanga sambamba, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, umeme unapata njia mbili." Akatafuta mfano, macho yakazunguka chumbani. "Chumba chenye mlango mmoja, watu wanabanana kutoka. Toboa mlango wa pili, upana uleule. Kubanana kunabaki nusu. Milango ni ileile ya nne, ila redio inasikia mbili."

Nikautazama mlango wetu, na kiti cha Baba kilichobaki mbele yake.

Za Baba akaziacha mbele palepale, Baba azione. Kwa zake akatoboa ile mifuniko ya masanduku ya nyuma, akaziweka humo. Kabla ya kuchomelea nyaya aligusisha betri ndogo ya tochi kwenye kila moja, akaangalia karatasi ya spika inasukumwa nje au inavutwa ndani. Ya upande wa kulia ya Baba ilikuwa imewekwa alama kinyume kiwandani. "Ingefungwa hivi," akasema, "hii inasukuma, mwenzake anavuta, besi yote inafia katikati." Akazigeuza nyaya. Akapima tena. Mita ikasoma mbili. Akainua kichwa, na mara ya kwanza tangu nimfahamu nikaona meno yake ya nyuma.

Jumamosi, saa tatu asubuhi, Msafara akaja. Akapanda, akaondoka na muziki, tukamsikia hadi kona ya mashine ya kusaga, tukamsikia anarudi. Alipovua kofia alikuwa anacheka peke yake.

"Nimekimbia mpaka upepo umenitoa machozi, na nasikia kila neno! Nani kachagua hizi spika?"

Mimi nilikuwa na pini nne mdomoni, nabana kava.

"Mimi," alisema Baba, akasimama kutoka kwenye kiti chake. "Nilikwenda dukani mwenyewe. Wengine wangekupa mbili. Mimi nikasema hapana, huyu apewe nne."

Msafara akamgeukia Kimya. "Na wewe, fundi?"

Baba alikuwa anamtazama mkwewe kwa furaha kabisa, mkono amemwekea begani.

"Nilikaza skrubu," Kimya akasema.

Msafara hakuwa mjinga. Akazunguka nyuma, akagonga mifuniko kwa kidole. "Na hizi za huku? Wazo la nani?"

Baba akazikodolea macho. Nadhani ndiyo kwanza alikuwa anaziona. Pini zilikuwa mdomoni mwangu bado. Kutema pini ni kazi ya kufumba na kufumbua, nimeifanya maisha yangu yote.

"La Mzee," akasema Kimya. "Yote ni ya Mzee."

"Ah, Mzee wangu!" Msafara akampa Baba mkono wa nguvu. "Ungekuwa na miaka ishirini pungufu, leo ningekupakia nyuma nikaondoka na wewe. Basi, nitaendelea kutafuta." Akavaa kofia, akaenda zake.

Kimya alibaki amesimama barabarani, kichwa kimeinama upande mmoja, anausikiliza muziki hadi pale masikio yangu mimi yalipokwisha uwezo. "Ya kushoto nyuma ingetakiwa kuinuliwa kidogo," akasema, si kwa mtu yeyote.

"Mkwe," Baba akaita, ameshakaa tena, "ile redio ya jirani inakusubiri." Akavuta miguu. Nikavuta magoti. Kimya akapita kiubavu.

Jioni mdogo wangu akawa anafagia chini ya kitanda, akalivuta boksi, likaja jepesi. Akatoka nalo hadi uani, mumewe anakula.

"Baba watoto, spika zetu ziko wapi?"

"Zimesafiri," akasema.

Mdogo wangu akanitazama mimi. Nikainamia sahani yangu. Ukuta ukagongwa mara tatu, na nilipoinua kichwa Kimya alikuwa tayari amesimama, anatafuta birika.