Kila Ulichotoa Nirudishiwe

Sikugonga tembo. Naanza na hilo kwa sababu Kilosa nzima, kuanzia stesheni hadi sokoni, walisema nimegonga tembo, na wengine wakaongeza kwamba tembo mwenyewe alikufa. Nilichogonga ni kibao. Nilikuwa Mikumi, pale njia ya Kilosa inapoachana na barabara kuu, nyani akaja kukaa juu ya boneti akinitazama kama mimi ndiye niliyeingia kwake bila hodi. Nikarudi nyuma kwa hasira bila kuangalia, nikakipiga kibao cha kuonya madereva juu ya wanyama. Picha iliyokuwa kwenye kibao ni ya tembo. Basi.

Buti likabonyea kama sufuria iliyokanyagwa. Na gari halikuwa langu, lilikuwa la mama mkwe, aliyenipa nibebee nguo za watoto, mitumba, kwenda magulio ya Chanzuru na Mvumi. Miaka ile kila kitu kilikuwa kinaingia nchini kikiwa kimeshatumika na mtu mwingine: nguo nilizouza, na gari lililozibeba pia. Lilikuwa haibridi, linakula mafuta na umeme, na Kilosa hatukuwa na jingine.

Habari zilimfikia mama mkwe kwake Mikumi, akapiga simu. Hakugomba, na hiyo ndiyo iliyonitisha.

"Mwanangu, Jumamosi nakuja kumwona mjukuu wangu. Unifuate na gari. Adhana ya adhuhuri ikinikuta bado niko nyumbani, funguo nampa shemeji yako."

Shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, hakuwa na kazi ya kufanya na gari zaidi ya kuliegemea. Mimi bila gari ni mwanamke mwenye mtoto mgongoni na belo kichwani.

Nikalipeleka kwa fundi bodi karibu na reli. Nilimwambia mapema, maana mafundi nawajua: ukimwachia spea yako ya zamani, mwezi ujao anakufungia hiyo hiyo na kukuapia ni mpya. "Fundi, kila utakachotoa kwenye hili gari nirudishiwe. Hata msumari." Nikaenda kumkumbusha kila siku. Alhamisi akanikabidhi kiroba kizima: taa iliyovunjika, vipande vya bampa, mpira uliochanika, klipu. Nikakagua kimoja kimoja, nikaridhika. Humo nikaokota kidude cha plastiki cha rangi ya chungwa, laini, chenye mshikio. Mtoto alikuwa anaota meno. Nikakiosha kwa sabuni, nikampa.

Jumamosi saa moja asubuhi niko gereji. Buti limenyooka, rangi inang'aa. Nikabonyeza kitufe. Deshibodi ikawaka taa zote kama duka la sikukuu, ila gari lenyewe kimya. Nikabonyeza tena. Kimya.

Hasira ni hasira, lakini shikamoo haikwepeki kwa mtu wa umri ule.

"Shikamoo fundi. Gari haliwaki."

"Marahaba mama. Mafuta yapo?"

"Yapo. Akili ndiyo sijui kama ipo."

Akafunua boneti, akatazama ndani muda mrefu kama anasoma barua ya mtu mwingine. Vijana wa bodaboda wakasogea.

"Dada, hilo lisukumwe tu," mmoja akasema.

Wakalisukuma mpaka kwenye reli na kulirudisha. Halikukohoa hata mara moja. Wa pili akasema betri imekufa, akavua betri ya pikipiki yake, wakaunga nyaya. Taa zikawaka vizuri zaidi. Wa tatu akauliza, kwa upole kabisa, kama yule tembo alikuwa na wenyewe.

"Kilikuwa kibao," nikasema.

"Tunajua dada. Tunauliza tu."

Nilimaliza kidato cha nne na D ya fizikia, na asubuhi ile niliitumia yote. Nikamwambia fundi umeme umemwagika alipokuwa anachomelea. Akakataa. Alisema kabla ya kuchomelea alimpigia mwenzake wa Morogoro anayeyajua magari hayo, akafuata kila alichoambiwa. Basi mpigie tena, nikasema, na uweke sauti kubwa nisikie.

Wa Morogoro hakupoteza muda. "Ile plagi ya chungwa niliyokwambia utoe kwenye betri kubwa huko nyuma ili umeme ukatike, uliirudisha?"

Fundi akasema taratibu, "Mama alisema kila nitakachotoa nimpe."

Bodaboda wote wakanitazama. Kisha wakatazama nyuma yangu. Fundi asubuhi nzima alikuwa anautazama mdomo wangu, ndiyo maana hakuona kilichokuwa mgongoni: mwanangu, macho nusu yamefumba, anaitafuna plagi ya betri kubwa.

"Ipo?" wa Morogoro akauliza.

"Ipo."

"Iko kavu?"

"Ina mate," fundi akasema.

"Mate ya nani?"

Nikajibu mwenyewe. Kwenye simu nikasikia watu wa gereji ya Morogoro wanacheka. Tukaambiwa tuikaushe kabisa, hata unyevu wa kidole usibaki, na fundi avae glavu. Tulimnyang'anya mtoto watu wawili. Plagi ikafutwa kwa kanga, ikaanikwa juani kama dagaa, sote tumeizunguka. Saa nne kasoro fundi akaichomeka, akalaza mshikio wake hadi ukalia tik. Nikabonyeza kitufe. Neno la kijani likatokea, likisema tayari.

Sikumwomba radhi fundi. Nilimwambia ahsante kwa sauti ya chini, akaitikia kwa sauti ya chini, tukaachana hivyo.

Mtoto alilia njia nzima akidai plagi yake. Mikumi mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni na begi, na shemeji pembeni, viatu vimepigwa rangi, mkono umeshajiandaa kupokea funguo. Adhana ikaanza mama mkwe akiwa anafunga mkanda wa kiti cha mbele. Shemeji akapokea begi, akaliweka kwenye buti.

Tulipofika njia panda mama mkwe akanigusa bega nipunguze mwendo. Kibao bado kilikuwa kimeinama.

"Ndiye huyu?"

"Ndiye, mama."

Akamtazama mpaka tukampita.

"Nilidhani mkubwa," akasema.