Babu wa Mtandaoni

Mwalimu Lukresia alifundisha historia miaka thelathini na moja huko Kirua Vunjo, na alipostaafu akaona aibu kwamba ukoo wake mwenyewe hauna hata ukurasa mmoja. Akachukua daftari, akapita kihamba kwa kihamba, kila boma na migomba yake, akiwauliza wazee. Jina la babu hakuliandika mpaka alisikie kwa wazee wawili waliogombana, maana wanaokunywa pombe ya mbege pamoja hupatana hata kwenye uongo. Kazi hiyo ilimla miaka sita.

Fabian, mwenyekiti wa ukoo na mwenye malori Holili, alitumia asubuhi moja. Mwaka 2003 aliingia kwenye intaneti kafe mjini Moshi, akatoka na picha ya mzee mwenye mkuki, mlima nyuma yake, akatangaza kwamba huyo ndiye mwasisi wa ukoo. Picha haikuwa na jina wala mwaka. Ushahidi wake ulikuwa pua. Eti pua ni yetu. Kama pua ingekuwa hati, nusu ya nchi ingekuja kudai migomba Kirua.

Baada ya Krismasi ya mwaka huo, ndugu wa Dar wakiwa bado hawajashuka kurudi mjini, kikao kikaitwa kupitisha kitabu cha ukoo, chenye picha hiyo ukurasa wa kwanza, kabla hakijapelekwa kuchapwa. Lukresia aliitazama picha mara moja tu. Ukiwa Kirua, kati ya vilele viwili vya mlima, Mawenzi iko kulia kwa Kibo. Hata mtoto wa chekechea anajua. Kwenye picha ilikuwa kushoto. Akawaeleza wasomi wa ukoo kwamba mpiga picha alisimama ng'ambo ya mlima, upande wa Kenya, kwa hiyo mzee huyo si wao. Mtu huuliza kwanza picha imepigwa wapi, ndipo amwite aliyemo babu. Kisha akaweka daftari lake mezani, akidhani akili zimewarudia.

Sikio la kufa halisikii dawa. Fabian akashuka mjini na picha yake, na kabla ya jioni akarudi anachekelea. Kijana wa kompyuta alikuwa ameigeuza. Mawenzi sasa ilikuwa kulia. Ukoo mzima, wenye digrii na wasio nazo, ukapiga makofi.

"Shangazi, kosa uliloliona tumelirekebisha," Fabian alisema. "Na jasho lako hatujalisahau."

Akamwonyesha ukurasa wa kwanza. Chini ya picha paliandikwa: Utafiti umefanywa na Mwalimu Lukresia.

Lukresia akaomba kalamu. Walidhani anataka kuweka sahihi. Akalikata jina lake kwa mistari miwili, akabeba daftari lake, akaondoka bila kuaga.

Kitabu kilitoka Pasaka, na jina lake limo. Wa kwanza kuja kumpongeza walikuwa wanafunzi wake wa zamani wa historia.