Klorini ilikuwa inapotea kwenye hot tub, nikamsingizia mpishi

Wakuu, habari zenu. Mimi ni mzee sasa, sina cha kupata kwa kudanganya. Haya yalinitokea.

Miaka ya sabini nilitoka magharibi nikaajiriwa mtaa wa matajiri wa Loresho, kwa wakili mmoja. Mtunza bustani kwa cheo, lakini kazi iliyonitoa jasho ilikuwa kibwawa cha maji moto nyuma ya nyumba. Siku hizi mnaita hot tub.

Mpishi alikuwa Mzee Athmani, mtu wa Lamu. Alinipokea kama mwanawe. Kila mchana alinibakishia wali. Na kila Ijumaa alivaa kanzu nyeupe pepepe, akaenda zake msikitini.

Basi klorini ikaanza kupotea.

Natia unga wa klorini jioni, asubuhi nachota maji kwenye kichupa, nadondosha dawa ya kupimia. Yakigeuka njano, klorini ipo. Hayageuki. Natia mara mbili, wapi! Maji yana ukungu, watoto wa bosi wanajikuna, na bosi ananiangalia vibaya.

Niliogopa kufukuzwa. Nikaanza kuitazama ile kanzu. Nikajiambia huyu mzee anachota unga wangu kufulia, halafu anajazia chokaa kwenye kopo.

Sikumwona. Sikumwuliza. Nikaenda kwa bosi moja kwa moja.

"Athmani, chukua vitu yako uende," bosi alisema. Hata hakumsikiliza.

Mzee alinikuta getini, amebeba kisanduku chake. "Mwanangu, kanzu yangu naifua kwa bluu ya kung'arishia nguo. Wewe yatazame maji yako."

Tukafungua kopo jipya. Klorini ikapotea vilevile.

Ndipo akaitwa fundi kutoka mjini. Kopo hakuligusa. Alizunguka kibwawa, akasimama kwenye waridi upande wa juu, akainama kunusa udongo.

"Hii mbolea ya kuku nani ameweka?"

Ni mimi. Kwetu mbolea ya kuku ndiyo sifa ya mkulima. Nilikuwa nairundika pale na kumwagilia kila jioni nikishatia klorini, na maji yanateremka mpaka kwenye kibwawa. Klorini yote ilikuwa inaishia kwenye uchafu huo.

Tukamwaga maji, tukasugua, tukajaza upya. Mbolea nikaihamisha. Kesho yake kichupa kikawa njano.

Nilitaka kulia. Na bado nilimwomba fundi asimwambie bosi chanzo. Hiyo, wakuu, naionea aibu kuliko hata uongo wenyewe.

Ilipita miaka ndipo nikapata moyo wa kumtafuta Mzee Athmani, kwenye duka la mpwa wake mjini. Nikajitaja. Mpwa akaacha kupima sukari.

"Mjomba alifariki. Alikuwa akikutaja sana. Kila mara anatuuliza, yule mwanangu wa Loresho, maji yake yalitulia?"

Nilitoka dukani bila kuaga.

Somo langu: klorini ikipotea, tafuta kinachoila kabla ya kutafuta mwizi. Na wewe uliyemkosea mtu, mwombe radhi angali hai. Kama yamewahi kukukuta, andika hapa chini, hata ukitaka kunitukana nitasoma.

Yalitulia, Mzee Athmani. Yalitulia wiki ileile uliyoondoka.