Askari Aliyekataa Kuvua Koti

Kabla sijasema lolote, shika mkono wangu huu wa kulia. Finya vidole hivi viwili, cha shahada na cha kati. Finya kwa kucha, usinionee huruma. Unaona? Sisikii kitu. Basi huo ndio ushahidi wangu, sina mwingine, na atakayesema nimetunga aje kwanza avifinye.

Mimi ni fundi cherehani wa Busia, na watu wa soko wananijua kwa tabia moja: simwamini mtu. Mteja akitoka kibandani kwangu nahesabu sindano. Mama yangu mzazi akinipa uji, naunusa kwanza. Nakueleza haya ujue kwamba mimi si mtu wa kudanganywa kirahisi, na pombe sijawahi kuonja.

Mambo yenyewe yalinipata mwaka uliofuata uhuru, saa saba mchana, jua likiwaka. Najua ulitegemea niseme usiku wa manane. Hata mimi ningependa iwe usiku, ningesingizia giza.

Kati ya Busia na Malaba kulikuwa na kambi moja ya jeshi. Jina lake sitalitaja, bado nina watoto wa kulea. Wakati wa vita vya Mjerumani mahali pale palikuwa na vibanda vya nyasi, wakikusanywa vijana wa huku kwetu wapelekwe Tanganyika, wengine kubeba mizigo, wengine kubeba bunduki. Wapo ambao Tanganyika hawakuiona. Ugonjwa wa kuhara uliwamaliza papo hapo kambini, na vibanda vyao vikachomwa moto. Vita vya Hitla vilipokuja, jeshi la Keya, lile la Mwingereza, likajenga mabanda ya matofali na kufundishia vijana wengine. Vita vikaisha, kambi ikawa ya popo na mbuzi wa majirani. Halafu ukaja uhuru, jeshi letu wenyewe likaingia, likapaka chokaa, likataka kila taji la malkia litoke kwenye nguo za askari kabla wakubwa hawajaja kukagua.

Hapo ndipo nilipoitwa mimi. Kazi ilikuwa kufumua beji za zamani begani na kushona mpya, zenye ngao na mikuki. Sajini wa stoo, mtu mrefu asiyejua kucheka, alinikabidhi beji zote kwa hesabu.

"Fundi," akaniambia, "beji moja ikipotea, na wewe unapotea. Tumeelewana?"

Tulielewana vizuri sana. Mwanzoni mwa mwaka ule askari walikuwa wameasi, ng'ambo Uganda na huku kwetu pia, na mpaka ulikuwa hatua chache tu. Beji ikivuka, mtu yeyote angeweza kujifanya askari wetu. Kwa hiyo kambini watu walipima maneno hata kwenye foleni ya chai. Ilisemekana kuna watu wanaotumwa kukuuliza swali la kijinga, wasikie utajibu nini, kisha jioni unafuatwa. Kwa mtu wa tabia yangu, mahali pale palinifaa kabisa.

Kabla ya kwenda nilipita kwa Mzee Wandera, aliyenifundisha ushonaji. Mzee huyu alikuwa na kawaida ya kupima moto wa pasi ya makaa kwa vidole viwili. Anavibandika pale chini penye moto, wala hashtuki. Sisi wanafunzi wake tulidhani ni ufundi. Aliposikia naitwa kambini, akasema, "Kijana, huko usishone nguo ikiwa kwa mwili ya mtu. Mtu atoe kwanza. Umesikia?"

Nilimuuliza sababu. Akajifanya anatafuta mkasi ambao ulikuwa mbele yake. Nikamshuku mara moja. Nikajiambia mzee anaitamani kazi hii, anataka kunitia hofu tu.

Siku ya nne nilikuwa peke yangu katika banda la stoo, askari wote wako mesi wanakula. Nilikuwa nimeinama kwenye cherehani. Nilipoinua kichwa, mtu alikuwa amesimama mbele ya meza yangu. Sikusikia mlango, na mlango ule ulilia kila ukiguswa.

Alivaa koti la jeshi la sufu nzito, refu hadi magotini, kwenye jua lile. Uso ulikuwa wa kijana wa miaka ishirini hivi. Lakini alipofungua mdomo, Kiswahili kilichotoka kilikuwa kile cha Keya wa zamani, cha watu wa umri wa babu yangu.

"Fundi, mimi nataka beji," alisema. "Ile mpya."

"Wewe ni wa platuni gani, afande?"

"Mimi ya Namboboto."

Nilimuuliza platuni, ananijibu kijiji. Hapo hapo nikajua, au nilidhani nimejua: huyu ametumwa. Ni wale wa maswali ya kijinga. Nikaona niwe mwangalifu, nifanye kazi yangu na nisizungumze sana.

"Sawa. Toa koti nishone."

"Mimi hapana toa." Alilishika koti kifuani kwa mikono miwili. "Natoa koti, mimi nakuwa mtu ya nani?"

Sasa niambie, ungefanya nini? Nimkatalie, aende kusema fundi ananyima askari beji ya serikali mpya? Maneno ya Mzee Wandera yalinijia, niamini, yalinijia waziwazi. Nikayafukuza. Nikamwambia akae kwenye kiti, nikachukua wembe na kuanza kufumua taji begani kwake.

Taji lilipotoka, chini yake kulikuwa na matundu ya uzi mwingine na kipande cha kitambaa kingine, kimechakaa, chenye namba iliyofifia. Kwa hiyo bega lile lilikuwa limeshabeba jeshi moja kabla ya lile la taji. Hilo halikunishtua sana, makoti ya jeshi hurithiwa. Kilichonishtua ni mwisho wa uzi wa taji. Ulikuwa umefungwa kwa msalaba mdogo, kama mbegu ya ufuta. Msalaba ule ni alama ya Mzee Wandera. Alitufundisha sisi wanafunzi wake tu, na hakuna fundi mwingine Busia anayeufanya.

Nilitaka kuacha kushona, nikaogopa. Nikashona haraka haraka, uzi mweusi, mara mbili. Sindano ikateleza ikamdunga. Niliisikia ikizama ndani ya bega lake. Hakutikisika, na sindano ilipotoka ilikuwa kavu, ina baridi ya kuumiza vidole. Nikafunga msalaba wangu, nikainama kukata uzi kwa meno, maana ndivyo nilivyozoea. Mdomo ukanijaa ladha ya udongo mbichi.

Ndipo akaniuliza, kwa sauti ya chini, karibu na sikio langu.

"Fundi. Hii jeshi mpya, inaruhusu mtu kwenda nyumbani?"

Lo! Nilijiambia, mtego wenyewe ndio huu. Nikisema ndiyo, nitaambiwa nashawishi askari watoroke. Nikakaza uso, nikamjibu kwa sauti kubwa ili hata wa nje asikie.

"Askari haendi nyumbani mpaka aambiwe na wakubwa wake. Kaa kwa kazi yako."

Alinitazama. Sikuona hasira kwenye uso ule, na laiti ningeiona. Alikuwa na uso wa mtu aliyesimama foleni siku nzima akaambiwa dirisha limefungwa. Kisha akanipigia saluti, mimi, fundi wa sokoni! Niliinama kuokota wembe ulioanguka, na nilipoinuka hakuwepo. Mlango haukulia. Na unajua nilifanya nini? Nikahesabu sindano zangu. Zote zilikuwepo.

Jioni sajini alihesabu beji. Moja haikuwepo, na jina la aliyepewa halikuwepo. Nikaeleza nilichoona: askari kijana, koti refu, Namboboto. Sajini akaita watu wote wa Samia, upande wa Namboboto, waliokuwa kambini, wakaja watatu. Hakuna hata mmoja aliyefanana naye.

"Umeuza ng'ambo," sajini alisema. "Taja mtu ulimuuzia."

Nilifungiwa chumba cha mahabusu kwa siku mbili. Sitaki kusimulia maswali niliyoulizwa humo. Niliogopa, nasema wazi. Mke wangu alikuja hadi langoni na chakula, akarudishwa. Nikaambiwa siku inayofuata gari litanichukua, na sikuambiwa linanipeleka wapi. Vidole viwili vilikuwa vimeanza kufa ganzi, lakini hilo nililiona dogo.

Asubuhi ya gari ndiyo siku makuruti walipewa kazi ya kuchimba shimo la mlingoti mpya wa bendera, pembeni mwa uwanja wa gwaride, karibu na kisiki cha mvule. Wakapiga jembe wakakutana na mifupa. Nilisikia kelele, kisha mlango wangu ukafunguliwa, sajini akaniambia nimfuate. Nilidhani naenda kupigwa risasi.

Shimoni kulikuwa na mtu amelala ubavu. Koti limeoza, limebaki vipande na vifungo. Mzizi wa mvule, mnene kama mkono wangu, ulikuwa umepenya ndani ya mkono wa koti na kutokea kwenye kola. Mti ule ulikatwa wakati Keya wanajenga mabanda yao, kila mzee pale anajua. Hakuna mtu aliyelifunua kaburi lile tangu mzizi upite humo, hilo hata mtoto angeliona. Na juu ya bega, kwenye kitambaa kilichokuwa kinavunjika kama jani kavu, kulikuwa na beji ya ngao na mikuki, mpya, inang'aa.

"Fundi," sajini alisema. Sauti yake siku hiyo ilikuwa ya mtu wa kawaida. "Hii mshono ni ya nani?"

Nikaona uzi mweusi, mara mbili. Nikaona msalaba wangu.

"Ni yangu, afande."

"Ulimshonea lini?"

"Juzi. Saa saba."

Makuruti walianza kurudi nyuma, mmoja mmoja. Sajini alinipa wembe akaniambia niteremke nitoe beji, hesabu itimie. Nikateremka. Nikaweka mkono juu ya mfupa wa bega kama nilivyouweka juzi, nikakata uzi.

Sasa sikia aibu yangu. Nikiwa mle shimoni nilijua la kufanya. Nilijua kabisa! Nilitakiwa kumwambia neno moja tu, alilokuja kulitafuta. Lakini juu yangu kulikuwa na buti za sajini na macho ya watu ishirini, na nikawaza: nikizungumza na mifupa watasema ni uchawi, watanirudisha ndani. Nikatoa beji iliyoniokoa mimi, nikapanda juu nikiwa kimya.

"Nenda," sajini akaniambia. "Usirudi hapa, na mdomo yako ushone."

Wakamfukia pale pale, mlingoti wakausogeza mbali kidogo. Sasa hana hata beji.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Mzee Wandera. Alinitazama mkono kabla hata sijakaa.

"Alikuuliza?" akasema.

"Aliniuliza."

"Ukamjibu nini?"

Nikamwambia. Mzee akafunika uso kwa vidole vyake vile vilivyokufa.

"Hata mimi nilijibu hivyo hivyo. Ilikuwa vita ya Hitla, na afande mzungu alikuwa kwa mlango. Nikafikiri mzungu ametuma yeye." Akalia, mzee mzima, na mimi nikalia naye.

Hiyo ni miaka mitano sasa. Vidole havijarudi. Nilipelekwa Nangina hospitalini, daktari akavichoma sindano moja baada ya nyingine, akanipima ukoma, hakuuona. Ila majirani walishasikia neno ukoma, na wapo hadi leo wasiokunywa chai kwangu. Nimekuwa mtu wa kushukiwa, mimi niliyewashuku wote. Namboboto iko hapo karibu tu na Nangina. Kila nikienda hospitali naitazama barabara yake, na kila mara nageuka. Naogopa kumkuta mtu ambaye bado anamngoja.

Mwaka juzi nilijikaza, nikaenda nje ya ua wa kambi ile nimwite kwa sauti. Sikumaliza neno la kwanza. Mlinzi alinielekezea bunduki, akaniuliza nimetumwa na nani.

Na sasa nasikia kikosi kingine kinahamia pale, na beji zao ni tofauti. Wanatafuta fundi. Nilipeleka jina langu, wakalikataa, wamemchukua kijana mmoja wa Busibwabo ambaye simfahamu. Ndiyo sababu nimekusimulia wewe, na wewe umsimulie mwingine, hadi yamfikie fundi huyo. Aambiwe hivi: Akija mtu mwenye koti refu mchana wa jua, akatae kulivua, usimshonee. Usimwombe kipande cha kitambulisho, wala usijiulize katumwa na nani. Hata kama mkubwa wako amesimama mlangoni anasikiliza, mjibu kijana wa watu. Mwambie vita vimeisha, avue koti, aende nyumbani. Namboboto si mbali.