Hakusimama, Wakaandika Kuwa Amekubali

Saa kumi na mbili asubuhi, ukungu ukiwa ungali juu ya mibuni ya kijiji cha Itewula, Ketrina anachimba udongo wa kufinyangia kando ya kijito. Kila tonge analolitoa analibinya kwanza kati ya vidole, kisha analitia kikapuni au kulitupa. Mara anasikia kikohozi njiani. Analiacha jembe palepale, anashuka kwenye magugu, anachuchumaa na kuipa njia mgongo, kanga ikiwa imemfunika kichwa chote.

Mzee Boazi anapita na fimbo yake. Hamsalimu, wala hasalimiwi. Anapofika ng'ambo anakohoa tena, na hapo ndipo Ketrina anapoinuka.

"Ni baba mkwe," anasema kwa sauti ya chini, ingawa mzee amekwisha kufika mbali. "Hukohoa ili nimpishe. Ni mtu mwenye adabu."

Familia za Wandali zilizoshuka kutoka milima ya Ileje na kupangwa katika kijiji hiki, mwendo wa asubuhi nzima kutoka Vwawa, makao makuu ya wilaya, zilikuja na heshima hiyo. Mkaza mwana hasimami mbele ya baba mkwe, hamtazami usoni, halitamki jina lake. Mume akifariki, heshima inabaki. Asajile, mumewe Ketrina, alifariki miaka mitano iliyopita, mwaka 1979. Mjane wake angali anaishi katika boma la Mzee Boazi pamoja na binti yao, Nesta, na analima shamba lililokuwa la marehemu.

Mzee Boazi ndiye pia mwenyekiti wa kijiji.

Hatua chache kutoka kwenye shimo la udongo vimepigwa vigingi, na juu ya udongo wenyewe limemwagwa rundo la mawe ya ujenzi. Kijiji kinataka kujenga josho la ng'ombe mahali hapa, kwa sababu maji yako karibu. Likijengwa, shimo litafukiwa, na maji ya dawa yatateremkia katika kijito ambacho nyumba zote za chini huchota maji ya kunywa.

Udongo huu ndio unaomlisha Ketrina. Tangu sufuria zilipoadimika madukani, watu wa miji midogo ya Ruanda na Vwawa wamerudia vyungu, na wiki ikiwa njema huuza vinne, kwa shilingi ishirini kila kimoja. Amejaribu udongo wa mabonde mengine. Ukiingia motoni unapasuka.

"Nilichoma tanuru zima la udongo wa kule juu," anasema. "Nikatoa vigae. Nesta akaniuliza kama leo tutauza vigae."

Mwezi wa tatu ofisa kutoka wilayani alikuja kusikiliza maoni ya wananchi kuhusu josho. Siku iliyotangulia, wanawake walikutana hapa kijitoni na kukubaliana, bila hata mmoja kusita, kwamba watapinga. Hakuna aliyewaza ni kwa njia gani watu wangehesabiwa.

Mkutano ulifanyika nje ya ghala la kahawa. Wazee waliketi mezani pamoja na mgeni. Wanawake waliketi nyuma kabisa, wameupa mkutano mgongo, kanga vichwani, kama ipasavyo palipo na wakwe. Ofisa akasema hataki mikono, maana kijiji cha jirani watu walinyoosha miwili miwili.

"Wanaopinga na wasimame," akatangaza.

Karibu kila mwanamke aliyekuwapo alikuwa ameolewa kijijini, na karibu kila mmoja alikuwa na baba mkwe, au ndugu wa baba mkwe, mezani pale. Wote wakabaki wameketi.

Alisimama mmoja tu. Fides ni binti wa kijiji hiki. Aliolewa kwingine, akaachika, akarudi kwa wazazi wake. Hana mkwe Itewula.

"Nilisimama, nikageuka kuwatazama wenzangu," anasimulia Fides, aliyekuja kuchimba pamoja na Ketrina, mikono ikiwa na udongo hadi viwiko. "Naona migongo! Migongo mitupu! Wanaume wakacheka. Mmoja akaniambia, 'Keti, mama, usiku huna mume, mchana unatafuta mkutano.' Yule bwana akaandika: anayepinga ni mmoja."

"Ungetaka tufanye nini?" Ketrina anamkatiza.

"Ungekohoa basi, Mama Nesta! Hata kukohoa mmeachiwa wanaume?"

Wanacheka wote wawili. Kicheko hakidumu.

Mgeni hakuelewa alichokuwa akikitazama, na haiwezekani kumlaumu sana kwa hilo. Aliona watu waliotulia, akadhani wameridhika. Lakini wazee waliokuwa mezani walielewa vema, na hakuna aliyefungua kinywa.

Mzee Boazi hakatai hilo. Jana jioni alikuwa amekaa mlangoni kwake, mbele ya zizi lililobaki na ng'ombe watatu. Ndigana, ugonjwa unaoletwa na kupe, imewamaliza wengine.

"Unasikia zizi lilivyo kimya?" aliuliza. "Zamani hapa tusingesikilizana. Sasa niambiwe nisijenge josho kwa sababu ya vyungu?"

Alipoulizwa kama alijua kwamba wanawake, mkaza mwana wake akiwamo, wasingeweza kusimama, aliichomeka fimbo yake ardhini.

"Kama alipinga, angesimama," alisema.

Na je, kama angesimama?

"Angekuwa amenivua nguo mbele ya watu. Angerudi kwao."

Hilo si tishio tupu. Mkaza mwana anayevunja heshima hiyo hadharani hurudishwa kwa wazazi wake, na watoto hubaki kwa ukoo wa baba yao. Ketrina angeondoka na jembe lake fupi. Nesta angebaki.

Nesta mwenyewe haoni ugumu wowote. Babu yake humwita "mke wangu", naye humdai sukari na kumvuta ndevu. "Mama, kwani babu anauma?" aliwahi kuuliza.

Fides hakukubali mambo yaishie hapo. Alikwenda Vwawa kwa miguu, akaketi kwenye benchi la ofisi siku mbili mfululizo, mpaka akasikilizwa. Jibu likaja kwamba maoni yatasikilizwa upya Jumamosi hii. Utaratibu utakuwa uleule: anayepinga asimame.

Ketrina alijaribu njia ya amani. Hawezi kuzungumza na baba mkwe, hivyo alimtuma mama mkwe wake, Roda, amwombe mzee ajitenge kidogo wakati wa kuhesabu watu.

"Nilimweleza yote, taratibu, tangu mwanzo," anasema Roda, aliyeteremka kijitoni kuchota maji. "Nilipomaliza akaniuliza, 'Chakula kiko wapi?'"

Alipomrudia siku ya pili, mzee alimjibu kwamba mwenyekiti haondoki mkutanoni kwa ajili ya mkwe.

Roda naye aliolewa kijana. Alimficha baba mkwe wake uso mpaka siku mzee huyo alipozikwa. "Siwezi kumwambia asimame," anasema akimwangalia Ketrina, "wala siwezi kumwambia aketi. Nesta nitamlea mimi. Hilo ndilo ninaloweza kusema."

Ketrina anainama, anaendelea kubinya udongo. Juzi alimfundisha Nesta kuutambua udongo mzuri kwa kuubinya. Jana alimwonyesha jinsi ya kupanga kuni chini ya vyungu, kazi ambayo wasichana hufundishwa wakiwa wakubwa zaidi. Kanga zake mbili amekwisha kuzifua na kuzikunja.

Jumamosi atasema nini?

"Sitasema neno. Fides alikwisha kuyasema, wakamcheka. Mimi nataka nihesabiwe."

Anajitwika kikapu na kukiweka sawa kichwani. Kutoka ng'ambo kinasikika tena kikohozi cha mzee anayerudi, na kwa mazoea anaanza kutafuta mahali pa kujificha.

"Hata siku hiyo atakohoa," anasema, akishuka kwenye magugu. "Hukohoa kila mara ili nijue yupo. Jumamosi nitamsikia, na nitasimama."