Faili la Waogeleaji wa Vita

Mtunza kumbukumbu wa ofisi ya nyaraka ya Voi, ninakofanyia utafiti, hupangusa kila faili kwa kitambaa, polepole, kama anayemnawisha mtoto uso. Halafu husema, “Mwalimu, kazi yangu ni vumbi. Kusoma ni kwako.” Leo alinipa faili la wanamaji walioogelea na mabomu hadi kwenye meli za adui wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Nikaisoma kwa sauti orodha ya waliouawa. Kitambaa kikamponyoka. Jina la mwisho kwenye orodha lilikuwa lake, na kijiji ni chao, Mwanda.

“Ni babu. Mimi ndiye niliyepewa jina lake,” alisema. “Nyanya alikufa akimwita mtoro. Ati alioa Mombasa akatusahau.” Akaligusa jalada. “Mwalimu, huyu nimempangusa vumbi miaka kumi na tisa.”